Yusuf bin Hassan: Sultani aliyeishi kwa majina mawili

Alizaliwa Mwislamu Mombasa, akalelewa Mkristo Goa, kisha akarejeshwa kuwatawala watu ambao hawakumtambua tena. Maisha ya sultani huyu wa karne ya 17 yanaonyesha yanayoweza kutokea pale mtu anapolazimishwa kuizika nusu ya nafsi yake, nayo yana la kuwaambia wakaazi wa pwani ya kaskazini mwa Msumbiji hii leo.

Kwenye pwani ya Cabo Delgado, kuanzia Quionga na Palma hadi rasi ya Afungi na Mocímboa da Praia, si ajabu mtu kuwa na majina mawili. Lipo la kitambulisho, aghalabu la Kireno, linaloitwa shuleni, ofisini na kwenye lango la mahali pa kazi. Lipo pia la nyumbani, alilopewa na bibi au na mwalimu wa chuo, linaloitwa kwa Kimwani, kwa Kimakonde au kwa Kiswahili. Walio wengi huyabeba majina hayo bila taabu, kama mtu anavyobadili nguo ya shamba kwa nguo ya msikitini au ya kanisani. Lakini alikuwako zamani mtu mmoja wa mwambao huu wa Waswahili ambaye majina yake mawili yalipigana ndani yake, mpaka vita hivyo vikatoka nje na kumwaga damu ya mamia ya watu.

Kwa Waislamu aliitwa Yusuf bin Hassan. Kwa Wareno aliitwa Dom Jerónimo Chingulia. Wapo wanaomtaja kuwa shujaa aliyewapokonya wageni Ngome ya Yesu, ambayo wengi huiita Fort Jesus. Wapo wanaomtaja kuwa katili aliyewaua wafia dini wa Mombasa. Kila upande umejichukulia nusu yake na kuitupa nusu ya pili, jambo lile lile alilotendewa na watu wa zama zake.

Ukoo uliofanya urafiki na Wareno

Ili kumwelewa Yusuf, ni lazima kuanzia Malindi. Vasco da Gama alipofika huko Aprili 1498, mtawala wa Malindi alimpokea kwa ukarimu, ilhali Mombasa ilimtilia shaka. Tangu hapo Malindi ikawa rafiki wa Wareno, na Mombasa ikawa adui yao. Wareno waliivamia na kuipora Mombasa mwaka 1505, wakarudia mwaka 1528, na tena mwaka 1589.

Baada ya pigo hilo la mwisho, nasaba ya kale ya Mombasa iliporomoka. Wareno waliamua kuuhamishia mjini humo ukoo wa watawala wa Malindi, ili urafiki wa karibu miaka mia moja ulipwe kwa kiti cha enzi. Mwaka 1593 walianza kujenga ngome kubwa kwenye mlango wa bandari, kwa ramani ya mhandisi Mtaliano Giovanni Battista Cairati. Sultani Ahmad wa Malindi akawa mtawala wa Mombasa, akiahidiwa theluthi moja ya ushuru wa forodha. Mwanawe Hassan alimrithi.

Lakini urafiki wa mbali si sawa na ujirani wa kila siku. Makapteni wa ngome walijiona kuwa ndio wenye mji. Waliingilia biashara ya sultani, wakabishana naye kuhusu ushuru na kumvunjia heshima mbele ya watu wake. Ugomvi ulipopamba moto mwaka 1614, Sultani Hassan aliikimbia nyumba yake na kuvuka kwenda bara, upande wa Rabai, kutafuta hifadhi. Huko aliuawa na wale waliompokea, na Wareno ndio waliowalipa kwa kazi hiyo. Kichwa chake kilipelekwa Goa, makao makuu ya Wareno nchini India.

Hassan alimwacha mtoto wa kiume wa umri wa takriban miaka saba. Mtoto huyo ndiye Yusuf.

Goa na jina jipya

Wareno hawakumwacha mtoto huyo Mombasa. Walimpandisha jahazini na kumpeleka Goa, mji ule ule ambako kichwa cha baba yake kilikuwa kimepelekwa. Kwa mtazamo wa watawala wa wakati huo, jambo hilo halikuwa na kasoro. Mrithi wa kiti angelelewa katika nyumba ya watawa wa shirika la Mtakatifu Augustino, angefundishwa Kireno na dini ya Kikristo, kisha siku moja angerejeshwa kwao akiwa mfalme Mkristo mwenye utii. Kwa njia hiyo Mombasa ingetawalika bila bunduki.

Yusuf alibatizwa na kupewa jina la Jerónimo. Alikua akisikia kengele za kanisa badala ya adhana, akila chakula cha wageni na kusema lugha yao. Alipokuwa kijana alihudumu katika meli za kivita za Wareno na kujifunza kazi ya mizinga. Alimwoa mwanamke Mkristo, Dona Isabel. Alimtumia Papa Urban wa Nane barua ya utii. Mwaka 1626 alitawazwa kuwa mfalme wa Mombasa, Malindi na Pemba, na mpango wa Goa ukaonekana kufanikiwa kwa ukamilifu.

Hata hivyo, upo upande ambao mpango huo haukuugusa. Mtoto wa miaka saba si ubao mtupu. Anamjua baba yake kwa sura na kwa sauti. Amekwisha kusujudu kando ya wakubwa wake na kusikia Qurani ikisomwa kabla ya kulala. Ameona jinsi watu wanavyosimama baba yake anapopita. Juu ya yote hayo, Wareno walimwekea mambo mapya, kama vile fundi anavyopaka chokaa juu ya ukuta wenye unyevu. Chokaa iling'aa kwa miaka mingi, nao unyevu ulibaki ndani.

Sheria ya mahali pale haikumruhusu kuwa na pande mbili. Goa ilikuwa na Mahakama ya Uchunguzi wa Imani tangu mwaka 1560. Mbele ya mahakama hiyo, mtu aliyebatizwa akionekana kurejea desturi za dini yake ya kwanza, hata kwa kunong'ona, alikuwa mhalifu. Angeweza kufungwa, kunyang'anywa mali au kuhukumiwa kifo. Basi jambo ambalo kwa mtoto mwingine lingekuwa kumbukumbu tamu ya nyumbani, kwa Jerónimo lilikuwa ushahidi wa kosa. Hakuwa na mahali pa kulitaja, wala mtu wa kumtajia.

Mfalme asiye wa yeyote

Aliporejea Mombasa, Jerónimo alikutana na mji ambao haukujua umpokee vipi. Kwa Waswahili, huyu alikuwa mwana wa Sultani Hassan, damu ya Malindi, aliyengojewa kwa miaka mingi. Lakini alishuka akiwa amevaa kanzu fupi na kofia ya kizungu, mkewe akiwa Mkristo, jina lake likiwa la kigeni, na Ijumaa hakuonekana msikitini. Wazee walimtazama wakaona mgeni. Watu walimtii kwa kuwa ngome ilikuwa nyuma yake, si kwa kuwa mioyo yao ilikuwa mbele yake.

Upande wa ngome hali haikuwa bora. Wareno walimwita mfalme katika barua, na kumdharau barazani. Makapteni walimfanyia yale yale waliyomfanyia baba yake, wakiingilia mapato yake na kumkosea heshima hadharani. Ubatizo, ndoa, utumishi wa vitani na barua kwa Papa havikutosha kumfanya awe sawa nao. Alikuwa amelipa bei yote waliyoitaka, na bidhaa hakupewa.

Hapo ndipo penye kiini cha masaibu yake. Aliyejikana ili akubaliwe, kisha asikubaliwe, hubaki bila kitu mkononi. Yusuf hakuwa tena Mwislamu mbele ya Waislamu, wala Mreno mbele ya Wareno. Mahali pekee alipokuwa mtu mzima ni pale ambapo hakuonwa na mtu.

Sala ya usiku kaburini

Mapokeo ya wakati huo yanaeleza kuwa Jerónimo alianza kwenda kwa siri, usiku, kwenye kaburi la baba yake, na huko alisali kwa namna ya Kiislamu. Mchana alikuwa mfalme wa Kikristo anayehudhuria misa. Usiku alikuwa mwana anayemwombea baba aliyeuawa.

Wanazuoni wa Kiislamu wametambua tangu zamani kuwa mtu anaweza kulazimishwa kuificha imani yake. Aya ya 106 ya Sura An-Nahl humwondolea lawama aliyelazimishwa ilhali moyo wake umetulia katika imani. Lakini hali ya Yusuf ilikuwa nzito zaidi ya hiyo, kwani moyo wenyewe haukuwa umetulia. Alikuwa amepelekwa Goa akiwa mdogo mno, akaishi humo miaka mingi mno, kiasi kwamba hata Ukristo wake haukuwa vazi la kuvua jioni na kulitundika. Lugha ya mwalimu wake, mke wake na kazi yake vilikuwa sehemu ya maisha yake halisi. Hakuwa Mwislamu mmoja aliyevaa barakoa. Alikuwa watu wawili waliokatazwa kusalimiana.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Siri ya kaburini haikudumu. Mtu mmoja alimwona, na habari ikamfikia kapteni wa ngome, Pedro Leitão de Gamboa. Kapteni alikusudia kumkamata mfalme na kumpeleka Goa ajibu mashtaka. Naye Jerónimo akapata habari za mpango huo. Alizijua njia za Goa kuliko mtu yeyote wa Mombasa, na alijua pia kilichompata baba yake alipochelewa kuchukua hatua.

Agosti 16, 1631

Siku hiyo mfalme alikwenda ngomeni pamoja na watu wake, kana kwamba anakwenda kumtembelea kapteni. Lango lilifunguliwa, kwani alikuwa Dom Jerónimo, mfalme Mkristo na rafiki wa taji la Ureno. Ndani ya ngome alimchoma kapteni kwa kisu, nao watu wake wakawashambulia askari na waliokuwamo. Ngome iliyojengwa ili isiingiliwe kwa mizinga iliingiliwa kwa jina.

Baada ya hapo alilitupa jina hilo. Alijitangaza kuwa Yusuf bin Hassan, Mwislamu, sultani wa Mombasa. Nyumba za Wareno mjini zilichomwa moto. Walionusurika walikimbilia nyumba ya watawa wa Mtakatifu Augustino, wakazingirwa humo kwa siku kadhaa. Walitakiwa wasilimu au wafe. Baadhi walisilimu wakaokoka, wengine walichukuliwa mateka, lakini walio wengi walikataa na kuuawa, wakiwamo wanawake na watoto. Idadi inayotajwa mara nyingi ni karibu watu 300.

Jambo moja husahauliwa katika kisa hiki. Waliouawa hawakuwa Wareno peke yao. Sehemu kubwa yao walikuwa Waafrika Wakristo, watu wa pwani hii hii, waliozaliwa na kukua Mombasa au kandokando yake. Walikuwa na ngozi ya Yusuf na lugha ya Yusuf, nao walishika dini ambayo yeye mwenyewe aliishika kwa zaidi ya miaka kumi. Baadaye Kanisa lilikusanya ushahidi huko Goa kuhusu vifo vyao, na sehemu kubwa ya tunayoyajua juu ya siku zile imetoka katika ushahidi huo.

Ni vigumu kuisoma habari hii bila kuona kwamba Yusuf alikuwa akimwua mtu fulani ndani yake. Katika kila Mswahili Mkristo aliyesimama mbele yake, alimwona Jerónimo, kijana wa Goa aliyetii kila alichoambiwa. Aliwataka watende papo hapo, kwa neno moja, kile ambacho yeye kilimchukua miaka mingi ya usiku na siri. Waliposhindwa au kukataa, hakuwa na huruma nao, kwa kuwa hakuwa na huruma na nusu yake mwenyewe. Dhuluma aliyotendewa na Wareno ni ya kweli na ni kubwa. Lakini haiwafanyi wale watoto wa nyumba ya watawa kuwa wadeni wake.

Ngome bila mji, sultani bila nchi

Goa haikukawia kujibu. Januari 1632 kundi la meli lililoongozwa na Francisco de Moura lilifika Mombasa na kuizingira. Yusuf aliilinda ngome kwa ustadi, akitumia ujuzi wa mizinga aliofundishwa na Wareno wenyewe. Mwezi Machi wavamizi waliondoka bila kufaulu, wakaacha meli chache kuizuia bandari.

Ushindi huo ulikuwa mkubwa, nao haukumletea nchi. Yusuf alitambua kuwa meli nyingine zingekuja, na kwamba miji mingine ya pwani haikuwa tayari kujitosa vitani nyuma ya mtu ambaye jana alikuwa mtumishi wa adui. Mei 1632 aliiharibu ngome kadiri alivyoweza, akapanda meli aliyowapokonya Wareno na kuondoka. Agosti mwaka huo huo Wareno walirejea ngomeni. Mwaka 1635 kapteni Francisco de Seixas de Cabreira aliitengeneza upya na kuandikisha juu ya lango lake maneno ya kujisifu kwa kuitiisha pwani. Maandishi hayo yangalipo hadi leo. Hapakuwa tena na sultani wa ukoo wa Malindi katika Mombasa.

Miaka iliyobaki Yusuf aliitumia baharini. Alizunguka kati ya Arabuni, Komoro na Madagascar, akiviwinda vyombo vya Wareno na vya washirika wao. Hakuwa na bandari aliyoweza kuiita yake. Mwaka 1638 aliuawa kwenye Bahari ya Shamu, mikononi mwa maharamia Waarabu. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na kitu. Mtu aliyekuwa na majina mawili alikufa bila hata mji mmoja.

Kutoka Mombasa hadi Ghuba ya Tungue

Kisa cha Yusuf hakikuishia kaburini. Uasi wake uliwaonyesha watu wa pwani kwamba ngome ile inaweza kutekwa. Waomani waliizingira kuanzia Machi 1696 na kuitwaa Desemba 1698. Baada ya hapo, ukiacha kipindi kifupi cha mwaka 1728 na 1729, Wareno walibaki kusini ya Rasi ya Delgado, ile inayotazamana na rasi ya Afungi kuvuka Ghuba ya Tungue. Sultani wa Zanzibar aliendelea kuidai ghuba hiyo kuwa yake mpaka mwaka 1887, Wareno walipoichukua kwa nguvu. Hivyo ndivyo watu wa mwambao mmoja, wenye kusafiri kwa jahazi zile zile na kusoma katika vyuo vile vile, walivyojikuta kila mmoja upande wake wa mpaka.

Wale waliobaki upande wa Wareno waliletewa mpango uliofanana sana na ule wa Goa. Chini ya ukoloni, Mwafrika aliyetaka haki za raia alitakiwa kuwa asimilado, yaani mtu aliyethibitisha kuwa anasema Kireno, anaishi kwa desturi za Kireno na ameziacha za kwao. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 1961, na uhuru ulipatikana Juni 25, 1975. Lakini mazoea hayafutwi kwa sheria. Kireno kilibaki kuwa lugha ya ofisi na ya shule, na mtoto wa Palma aliyelala akisikia Kimwani au Kiswahili aliamka kwenda mahali ambapo lugha hizo hazikuwa na kiti.

Katika miaka ya karibuni mzigo huo umeongezeka. Mradi wa gesi umeifanya Afungi kuwa jina linalotajwa duniani, umewahamisha watu kutoka vijiji vyao na kuwapeleka makazi mapya ya Quitunda, na umewaleta wageni wa lugha nyingi. Tangu Oktoba 2017 vita vimeikumba Cabo Delgado. Machi 2021 Palma iliposhambuliwa, maelfu ya watu walikimbilia upande wa Afungi. Katika hali kama hiyo kila mwenye silaha humtaka raia awe kitu kimoja tu. Wapiganaji humtaka aikane nchi yake na majirani zake. Wanaowasaka wapiganaji nao wakati mwingine humshuku kwa jina lake, kwa ndevu zake au kwa lafudhi yake. Naye raia hujifunza kuficha hiki mbele ya hawa, na kile mbele ya wale.

Nusu mbili za mtu mmoja

Mwishoni mwa mwaka 1925, daktari Mswisi aitwaye Carl Gustav Jung alishuka meli katika bandari ya Mombasa, akielekea Mlima Elgon. Jung, aliyefariki mwaka 1961, alitumia maisha yake kufundisha kwamba kila mtu ana upande anaouficha, hata mbele ya macho yake mwenyewe, na upande huo aliuita kivuli. Alieleza kuwa kivuli kinachokataliwa hakifi. Hutoka kwa njia nyingine, hasa kwa kumwona jirani kuwa na ubaya ule tusiotaka kuuona kwetu. Uzima wa nafsi, kwa mafundisho yake, huja pale mtu anapokikaribisha kivuli chake mezani na kukaa nacho.

Watu wa Cabo Delgado hawakuhitaji kungoja daktari kutoka Ulaya ili wajue hayo. Katika ngoma ya mapiko ya Wamakonde, barakoa hutoka ikicheza na kuwatisha watoto na wanawake kana kwamba ni mzimu. Lakini kijana anapopitia jando huonyeshwa siri, kwamba chini ya barakoa yupo mtu, tena mtu anayemjua. Hawafundishwi kuichoma barakoa, wala kumwua aliyeivaa. Hufundishwa kujua kwamba vyote viwili ni vyao, na siku moja wao wenyewe wataivaa. Kadhalika waganga wa pepo wa mwambao aghalabu hawaanzi kwa kulifukuza pepo. Huliuliza kwanza jina lake na linataka nini, kisha hutafuta namna ya mgonjwa kuishi nalo kwa amani.

Yusuf bin Hassan hakupata jando la namna hiyo. Goa ilimwambia amzike Yusuf, na akatii. Kisha yeye mwenyewe akaamua kumzika Jerónimo, na mazishi hayo yakahitaji makaburi mengine karibu 300. Mara zote mbili alidhani kuwa ukamilifu ni kubaki na nusu moja. Hakuna aliyempa nafasi ya kusimama mchana kweupe akiwa mwana wa Hassan na mwanafunzi wa Goa, mwenye kumbukumbu za huku na ujuzi wa kule. Mtu wa namna hiyo angeweza kuwa mpatanishi ambaye Mombasa haikuwahi kuwa naye. Alizijua lugha za pande zote mbili, sala za pande zote mbili, na vidonda vya pande zote mbili.

Mambo hayo ndiyo yanayoifanya hadithi ya sultani huyu isiwe ya makumbusho tu. Kijana wa Palma anayevaa kofia ya ulinzi asubuhi na kofia ya kiua jioni, anayeandika Kireno kazini na kumsalimu mama yake kwa shikamoo, hana sababu ya kuona kuwa mmoja kati ya hao wawili ni mwongo. Wote ni yeye. Hatari huanza pale mmoja anapofanywa aibu na kusukumwa gizani, iwe ni kwa amri ya mwajiri, ya mwalimu, ya mwenye bunduki au ya jamaa wa nyumbani. Mzazi anayemwita mtoto kwa jina lake la nyumbani mbele ya wageni, na mwalimu anayemruhusu mwanafunzi aeleze kwanza kwa Kimwani kabla ya Kireno, wote wanafanya kazi ambayo hakuna aliyeifanya kwa mtoto wa miaka saba aliyepandishwa jahazini mwaka 1614.